SOMO: KUANGALIA VIDEO INGALI INAREKODIWA

Wandugu wanafunzi, mara nyingi munauliza: video ikiwa ingali inarekodiwa kwa ordinatere, inawezekana kuangalia mwanzo wake? Jibu: inategemea aina ya faili.

1. MP4 ya kawaida ni kama kitabu chenye orodha ya yaliyomo nyuma kabisa. Orodha hiyo inaandikwa tu wakati wa kufunga faili. Umeme ukikatika mbele ya hapo, kwa kawaida faili haifunguki.

2. TS inagawanywa vipande vya baiti 188. MKV inaandikwa fungu kwa fungu. Hizo zinaweza kuangaliwa zingali zinaandikwa, na umeme ukikatika, sehemu iliyokwisha kuandikwa inabaki.

Basi, ninyi mutakaorekodi sherehe ya diploma, chagueni MKV mbele ya kuanza. Kuigeuza MP4 mutafanya kisha.