Kabla Hujatuma Sh50 ya Bahati Nasibu, Piga Hesabu Hii

Kulipia tiketi ya bahati nasibu kwa simu huchukua dakika moja. Kujua nafasi yako ya kushinda pia si kazi kubwa. Twende pole pole.

1. Anza na hesabu ndogo

Tuseme unachagua namba 2 kati ya 5. Ya kwanza una njia 5, ya pili zimebaki 4: 5 × 4 = 20. Lakini 3 na 5 ni sawa tu na 5 na 3, maana mpangilio hauangaliwi. Kila jozi tumeihesabu mara mbili, kwa hivyo tunagawanya kwa 2 na kupata michanganyiko 10. Tiketi moja ina nafasi 1 kati ya 10.

2. Sasa namba 6 kati ya 49

Njia ni ile ile: 49 × 48 × 47 × 46 × 45 × 44 = 10,068,347,520. Namba 6 hupangika kwa njia 6 × 5 × 4 × 3 × 2 × 1 = 720. Gawanya, unapata 13,983,816. Tiketi yako ni moja tu kati ya hizo. Kwa Sh50 kila moja, kununua zote kungekugharimu zaidi ya Sh699 milioni.

3. Na kupata 3 pekee?

Namba 3 kati ya 6 zilizoshinda: njia 20. Nyingine 3 zitoke kwenye 43 zilizobaki: njia 12,341. Zidisha: 246,820. Hiyo ni karibu nafasi 1 kati ya 57.

"Nikitumia tarehe za kuzaliwa za watoto?" Nafasi haibadiliki. Hata 1, 2, 3, 4, 5, 6 iko sawa na nyingine zote.

"Nimekosa mara 100, si sasa ni zamu yangu?" Hapana. Mipira haina kumbukumbu.

Sh50 kila siku ni Sh18,250 kwa mwaka. Ukicheza, iwe ni pesa ya kujiburudisha, si ya kodi ya nyumba wala karo.

Na ukipokea ujumbe kwamba umeshinda ilhali hukununua tiketi, hesabu ni rahisi zaidi: nafasi yako ni 0. Usitume "ada ya kutoa zawadi", na PIN yako usimpe mtu yeyote.