MAKUTI, KIBUBU NA MAJI YA BIBI

Wako wazazi wasemao kuwa kumlipa mtoto kwa kazi za nyumbani ni kumharibu. Mimi naona sivyo, mradi kuwe na mpango. Nitaeleza nilivyofunzwa kwetu hapa Kilifi.

Kwanza, kazi zitengwe. Kufagia uwanja, kuosha vyombo na kuteka maji ni kazi za kila aliye nyumbani, hazina malipo. Lakini makuti ni biashara ya mama. Hukunja majani makavu ya mnazi juu ya ufito, akayashona kwa kamba nyembamba, nao wajenzi huja kuyanunua kuezekea nyumba na mahoteli ya Watamu na Malindi. Nikimsaidia Jumamosi, baada ya kumaliza kazi ya shule, hunilipa shilingi 3 kwa kuti.

Pili, kazi mbovu isilipwe. Jumamosi ya kwanza nilishona makuti 20. Mama akayakagua, akanirudishia 5. Nikalalamika. Akanambia, "Mwanangu, mvua haitauliza kama yameshonwa na mtoto." Nikapata shilingi 45.

Tatu, mtoto aachwe akosee. Zile 45 zote ziliishia kwenye viazi karai na mabuyu. Jumatatu mwalimu wa Hisabati akatutaka tuwe na bikari. Sikuwa na hata ndururu. Nikamwendea mama, ati ningoje Jumamosi! Siku ya jaribio kila mtu alikuwa akitumia yake, nani wa kuniazima? Swali la alama 10 likanipita hivi hivi.

Nne, pesa zigawanywe. Siku hizi nikipata shilingi 60, 30 hutia kibubuni, 20 ni za vifaa vya shule, 10 ndizo za mabuyu. Jumamosi 4 zikipita, kibubu kina 120. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa nyingi za wakubwa hupita kwenye simu, na mtoto hazioni zikiingia wala zikitoka. Sarafu ya kibubuni huishika kwa mkono wake, akajua imebaki ngapi.

Hata hivyo, hatari ipo. Mdogo wangu aliponiona nalipwa, naye akataka. Siku moja bibi alimwomba maji ya kunywa. Akauliza, "Nitapata ngapi?" Bibi hakusema neno. Akachukua mkongojo wake, akajikokota mwenyewe hadi mtungini. Sote tuliona haya. Jioni ile ndipo mama alipotuketisha, akatutajia kazi moja moja, ipi ina ujira na ipi haina. Tangu hapo mdogo wangu ndiye mteka maji wa bibi.

Basi wazazi, walipeni watoto, lakini wekeni mpaka. Haba na haba hujaza kibaba. Maji ya bibi hayana bei.