Je, Bangi ni Dawa ya Kukosa Usingizi?

Huenda umepata kusikia watu wakisema kwamba siku hizi bangi imekuwa dawa, na kwamba mtu aliyekosa usingizi kwa miezi mingi hana sababu ya kuiogopa. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na yana upungufu pia. Yafaa tuyapime kwa uadilifu, kwani mtu anayekesha usiku baada ya usiku yumo katika taabu ya kweli, wala hastahili kujibiwa kwa ukali tu.

Kwanza tukubali yaliyo kweli. Mwaka 1964 wataalamu wawili wa Israel, Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, walikitenga kiini cha bangi kinacholevya, kiitwacho kwa kifupi THC. Jimbo la California huko Marekani liliwaruhusu wagonjwa kutumia bangi mwaka 1996, na Uingereza iliwaruhusu madaktari bingwa kuwaandikia wagonjwa dawa zake tangu Novemba 2018. Tena, mwaka 2017 wanasayansi wa Marekani waliozipitia tafiti nyingi walieleza kwamba dawa zitokanazo na bangi zaweza kuboresha usingizi kwa muda mfupi, hasa kwa baadhi ya wagonjwa kama wenye maumivu ya kudumu.

Lakini yaangalie vema maneno hayo: kwa muda mfupi. Mtu akiitumia kila usiku, mwili huizoea, na kipimo kilichomlaza jana hakimtoshi leo. Akiiacha, usingizi humtoroka na ndoto mbaya humjia. Tangu mwaka 2013 kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani kimeyahesabu mambo hayo miongoni mwa dalili za kuacha bangi. Hapo ndipo mgonjwa hukosea. Hudhani kwamba ugonjwa wake wa zamani umerudi, naye huirudia bangi, kumbe anateswa na kule kuiacha. Usingizi aliopewa ulikuwa wa mkopo, na sasa anadaiwa.

Aidha, bangi huongeza hatari ya kurukwa na akili, hasa kwa vijana na kwa wale ambao maradhi hayo yamo katika ukoo wao. Isitoshe, kuinunua na kuivuta ni kosa la jinai katika Tanzania na Kenya.

Je, dini inatupa kipimo gani? Kurani Tukufu, inapozungumzia pombe na kamari katika Sura Al-Baqarah, haikani kuwa zina manufaa. Inaeleza kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa hayo. Basi haitoshi kuuliza, "Je, yafaa?" Yapasa kuuliza pia, "Yafaa kiasi gani, na kwa gharama ipi?" Ama dharura, hiyo ina ruhusa yake, lakini dharura ni pale ambapo njia nyingine haipo.

Na njia nyingine ipo. Mwaka 2016 chama cha matabibu wa Marekani kilipendekeza kwamba mtu mzima mwenye ugonjwa huu wa kudumu atibiwe kwanza kwa mafunzo ya kubadili mazoea na mawazo yake kuhusu usingizi, kabla ya vidonge. Misingi yake ni hii: amka saa ile ile kila siku, hata kama hukulala vizuri. Kitanda kiwe cha kulala, si cha kuhesabia madeni. Ukiona dakika kama 20 zimepita bila usingizi, ondoka kitandani, ukae mahali penye utulivu mpaka usingizi uje. Usilale mchana kutwa ili kulipiza. Chai na kahawa ziishie mchana. Siku za kwanza ni nzito. Faida huonekana baada ya majuma kadhaa, nayo hudumu.

Ikiwa taabu hukujia siku tatu au zaidi kwa juma, kwa muda wa miezi mitatu, mwone daktari. Fanya hivyo upesi zaidi ukiambiwa kwamba wakoroma sana na pumzi hukatika usingizini. Na aliyekwisha kuzoea bangi amweleze daktari wazi, pasipo kuona haya, apate kuiacha kwa uangalizi.

Mwenyezi Mungu ameufanya usiku uwe wa mapumziko. Basi yatafute mapumziko hayo kwa njia ambayo asubuhi haitakudai.