Shabaha kama Mchezo: Majibu kwa Msomaji wa Rumangabo

SWALI: Sisi wa Rumangabo, huku Kivu Kaskazini nchini Kongo, tulio baina ya kambi ya jeshi na makao makuu ya Mbuga ya Virunga, mlio wa bunduki kwetu ni msiba. Wawezaje kuitwa mchezo?

JIBU: Swali lako lastahili taadhima, kwani kambi hiyo ilitwaliwa na waasi wa M23 mwaka 2012, ikarejea serikalini 2013, ikatwaliwa tena 2022. Asili sitaikana: mashindano ya shabaha yalizaliwa na jeshi. Chama cha bunduki cha Waingereza, kilichoundwa 1859 kuwazoesha raia waliojitolea kulinda nchi yao, kilifanya mkutano wake wa kwanza Wimbledon mwaka 1860, na risasi ya kwanza ikafyatuliwa na Malkia Victoria mwenyewe. Ilipofufuliwa Olimpiki kule Athens, 1896, shabaha ilikuwamo.

SWALI: Lini basi iliachana na vita?

JIBU: Polepole sana. Paris, mwaka 1900, walipigwa njiwa hai, ada ambayo baadaye iliachwa, na leo hurushwa visahani vya udongo. Mwaka 1907 likaundwa Zurich shirikisho la kimataifa lililosawazisha kanuni. Ila kwa rai yangu hatua iliyopita zote ni bunduki ya upepo, iliyoingia Olimpiki Los Angeles 1984. Haina baruti, hutoa kirisasi cha milimita 4.5 kwa umbali wa mita 10, na alama kumi katika bunduki hiyo ni nukta ya nusu milimita tu, hata mlengaji, aliyekwisha kutuliza pumzi na kusimama kama aliyepandwa ardhini, hupambana na mapigo ya moyo wake mwenyewe wala si na mtu mwingine. Hapo ndipo ninapouona mchezo umekamilika: adui ametoweka, imebaki nidhamu.

SWALI: Na aliyekatwa kiungo na vita?

JIBU: Sikiliza habari za Károly Takács, askari wa Hungaria, ambaye mwaka 1938 guruneti lilimwondolea mkono wa kuume, uliokuwa ndio mkono wake wa bastola. Kwa siri akaufunza wa kushoto, akatwaa dhahabu London 1948, na tena Helsinki 1952. Tangu 1976 shabaha imo pia katika michezo ya Paralimpiki. Kwa majeruhi wa Kivu, ambao ni wengi mno, naliona jambo hili kuwa haki yao wala si hisani.

SWALI: Vijana wetu waanze na nini?

JIBU: Na bunduki ya upepo pekee, ndani ya ukumbi, chini ya mkufunzi, kwani silaha ya baruti haina nafasi katika mji ambao haujatulia. Somo la kwanza si kulenga. Ni kuelekeza mtutu kwenye shabaha daima, kidole kiwe nje ya kifyatulio hadi amri itolewe, na kupitisha mtutuni uzi wa rangi kali, ili kila aliye ukumbini aone kwa macho kuwa bunduki ni tupu.