Kabla Hujanunua Pampu ya Waipa, Zima Redio

Tulikuwa tumepita Chalinze kuelekea Morogoro, na mvua ilikuwa ya rasharasha, ile isiyotosha kuosha kioo ila inatosha kuloweka vumbi. Mbele yangu semitrela inarusha tope lote la barabara. Nikavuta kijiti cha waipa nipate maji. Waipa zikapanda, zikashuka, zikakipaka kioo tope kama fundi anayepiga lipu. Maji hakuna. Kwa sekunde mbili tatu niliendesha kwa kukumbuka barabara ilivyokuwa. Nikaegesha pembeni, nikamwagia kioo chupa ya maji ya kunywa ya mwanangu, naye akaninunia mpaka Msamvu.

Gari lenyewe ni la Kijapani la mwaka 2001, lile la juu lenye tairi la akiba mgongoni. Nililinunua likiwa limeshatumika na sasa limefika umri wa kudai kitu kila mwezi. Fundi wa kwanza niliyempelekea hakufungua hata boneti. “Pampu imekufa hiyo, bosi. Lete themanini nikuwekee.” Baadaye nilikuja kuona kwamba kuhusu pampu hakukosea. Kilichoniudhi ni kwamba hakusikiliza, na kazi hii inaanza na sikio.

Fanya hivi jioni, mtaa ukiwa umetulia. Hakikisha kwanza tangi lina maji; usicheke, wapo waliobadili pampu nzima kumbe tangi ni kavu. Washa swichi bila kuwasha injini. Zima redio, zima feni. Mtu mmoja akae ndani avute kijiti, wewe chuchumaa karibu na tairi la mbele, upande lilipo tangi. Ukisikia mvumo, mota ni nzima na umeme unafika, kwa hiyo tafuta maji yanakokwama: mpira umechomoka au umepasuka, chujio limeziba, au nozo zimeziba. Pampu usiiguse kwanza. Kukiwa kimya kabisa, shida ni umeme au mota yenyewe. Na usishikilie kijiti muda mrefu tangi likiwa tupu, maana mota hizi hupozwa na maji hayohayo zinayoyasukuma.

Kwangu kulikuwa kimya. Ila maji ya kioo cha nyuma yalitoka vizuri tu, na hapo ndipo magari haya yenye waipa ya nyuma yanapomsaidia mtu. Mengi yana pampu mbili ndogo kwenye tangi moja, moja ya mbele na moja ya nyuma. (Mengine yana pampu moja yenye midomo miwili, na hiyo hubadili upande wa maji kwa kuzunguka kinyume. Chungulia uone yako ni ipi.) Kwenye gari langu fyuzi moja inalisha zote mbili, kwa hiyo fyuzi nikaisamehe. Kama lako linazitenganisha, soma mfuniko wa sanduku la fyuzi kabla hujalala chini ya gari.

Kisha nikachukua testa, ile ya taa na klipu, na nikajidanganya vizuri. Nilibana klipu kwenye bodi ya gari, nikagusa waya mmoja wa soketi ya pampu. Taa ikawaka. Nikamwambia kijana wangu aachie kijiti. “Sijakigusa bado, baba,” akasema. Nikaamini kuna shoti mahali, nikakesha na wazo hilo.

Asubuhi jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa fundi umeme wa magari, akanisikiliza huku anapiga mswaki. “Umeme hapo unakaa muda wote swichi ikiwa imewashwa,” akasema. “Kijiti kinafunga ethi tu. Weka testa katikati ya pini mbili, mwanangu, achana na bodi.” Magari mengi ya Kijapani ya zama zile yamefungwa hivyo. Nikaweka ncha moja huku na nyingine kule: kijiti kikivutwa taa inawaka, kikiachiwa inazima. Umeme ulikuwa unafika, na ethi pia. Nikamaliza kwa kubadilishana soketi. Ya mbele nikaichomeka kwenye pampu ya nyuma, nikavuta kijiti, kioo cha nyuma kikalowa. Pampu ya mbele ndiyo iliyokuwa maiti. Niliigongagonga kwa mpini wa bisibisi, ikaguna mara moja kama mzee aliyeamshwa, ikanyamaza tena. Ikiguna hivyo, mara nyingi brashi za kaboni zimekwisha au maji yameingia ndani. Usifurahi, itakuacha tena njiani.

Spea nilizifuata Ilala. Usiende mikono mitupu, na usiseme “pampu ya maji”, utaletewa ya kupozea injini. Sema “mota ya maji ya waipa” na uiweke ya zamani mezani. Linganisha umbo la soketi, unene wa mdomo na upande unaoelekea, pamoja na unene wa shingo inayoingia kwenye tangi. Muuzaji aliniletea tatu zilizofanana kwa macho. Ya kwanza shingo yake ilikuwa nyembamba kidogo, na hapo maji yangevuja maisha. Nilichagua iliyotumika kwa shilingi elfu ishirini, baada ya kuigusisha kwenye betri ya dukani kwa sekunde moja na kuisikia ikizunguka.

Kubadilisha kwenyewe hakuna ufundi mkubwa, kuna uvumilivu wa klipu. Nilikata usukani hadi mwisho ili tairi lipishe, nikafungua plastiki ya ndani ya fenda. Klipu za plastiki zilizokaa juani miaka zaidi ya ishirini hazifunguki, zinavunjika. Nilivunja nne kati ya tisa. Nunua za akiba siku ileile unayonunua mota.

Weka beseni chini. Chomoa soketi kwa kubonyeza kilimi chake, usivute waya. Mpira ukigoma usiubane kwa koleo, umwagie maji ya moto ulainike. Pampu yenyewe imeshikiliwa na raba tu: izungushe kidogo kidogo huku ukiivuta kutoka kwenye raba hiyo. Maji yote ya tangi yatakufuata, na mimi yaliniingia kwapani.

Ndipo nikaona aibu yangu. Chini ya tangi kulikuwa na uji wa kijani, na ndani yake mabonge meupe ya sabuni ya unga niliyokuwa naitia kila mwezi nikidhani ninakitendea kioo wema. Kichujio kidogo kwenye raba kilikuwa kimezibwa kabisa, na pampu ilikuwa ikivuta bila kupata kitu. Nadhani mimi ndiye niliyeiua. Nikasuuza tangi mara nne. Raba ilikuwa imekakamaa, nikaweka mpya na kuilowesha maji ya sabuni iteleze. Mafuta na grisi usipake, huivimbisha raba. Nikasukuma pampu mpaka ikakaa, nikarudisha mpira na soketi, nikajaza tangi, nikajaribu kabla ya kurudisha plastiki hata moja.

Nozo ya kulia ikatoa maji vizuri. Ya kushoto ikatoa uzi mwembamba wa mate. Maji ya kisima nyumbani kwetu yana chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya kijitundu kile inakuwa jiwe. Niliilaza nozo kwenye siki usiku mmoja, nikaichokoa kwa pini ya mke wangu ya kushonea, nikapuliza kutokea upande wa mdomo ili uchafu urudi ulikotoka. Siku hizi naweka maji ya mvua nikiyapata, na sabuni ya maji matone machache tu.

Kulenga nako kuna hesabu zake. Jaribio la kwanza maji yaliruka juu ya paa, yakatua kwenye kanga za jirani zilizoanikwa. Pini ileile inageuza kitundu cha nozo. Nililenga juu kidogo ya katikati ya kioo, kwa sababu gari likienda mbio upepo unayasukuma maji chini.

Nimeshapita Chalinze mara tatu tangu hapo, mara moja nyuma ya semitrela na mvua ileile ya rasharasha. Kioo kilisafika kwa mvuto mmoja. Mwanangu hata hivyo alikuwa ameshaificha chupa yake chini ya kiti.