Mahari Haiishi: Je, Ni Deni au Ni Undugu?



Leo katika ukurasa wetu tuzungumze juu ya jambo ambalo mabwana na mabibi wengi hulinyamazia mchana, kisha likawagombanisha usiku. Jambo hilo ni mahari. Wengi wenu mnaosoma hapa mlifunga ndoa takatifu miaka kumi au ishirini iliyopita. Mna watoto, mna shamba la viazi na kondoo wachache, na Jumapili mwaja kanisani pamoja. Lakini kila Desemba inapokaribia, au simu ya shemeji inapolia, maneno huanza: "Wazee wanauliza habari za wale mbuzi waliobaki." Bwana hukasirika, bibi hunyamaza, na watoto hutazamana.

Je, desturi hii ni mbaya? Au sisi ndio tumeiharibu? Tuichunguze pamoja.

1. Wazee wetu walikuwa na maana gani?

Huku Naro Moru wengi wetu ni Wakikuyu ambao wazazi wao walitoka Othaya, Mukurweini, Tetu, Mathira au Murang'a. Walikuja kupata mashamba upande huu mkavu wa Mlima Kenya baada ya uhuru wa 1963. Walikuja na jembe begani, na walikuja na desturi zao. Mahari tunaiita ruracio.

Kumbukeni jinsi ilivyokuwa. Kijana hakwenda peke yake. Alikwenda na wazazi wake na wazee wa ukoo. Walipeleka pombe kwa wazazi wa binti. Kabla pombe haijanywewa, binti aliitwa mbele ya wote akaulizwa kama inywewe. Akikubali, wazee walikunywa. Akikataa, wageni walirudi kwao. Kisha walipelekwa mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajazaa bado. Kwa nini wanyama ambao hawajazaa? Kwa sababu walikuwa ishara ya tumaini: mwanzo wa kundi, kama vile binti na kijana walivyo mwanzo wa nyumba mpya. Wanyama wengine walifuata polepole, kadiri mifugo ilivyoongezeka. Mwishoni ikafika siku ya ngurario, mnyama akachinjwa, na koo mbili zikala pamoja. Siku hizi bwana arusi hukata kiande, yaani bega la mbuzi, mbele ya mashahidi.

Tazameni basi. Mtu akinunua ng'ombe sokoni Karatina, hamuulizi ng'ombe kama anakubali kununuliwa. Wala muuzaji na mnunuzi hawawi ndugu kwa sababu ya ng'ombe huyo. Wanapeana fedha, wanaagana, basi. Lakini katika ruracio binti huulizwa, na waliopeana hawaagani tena maisha yao yote.

Ushahidi mwingine ni majina ya watoto wenu. Kwa desturi yetu, mwana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa bwana, na wa pili kwa jina la baba wa bibi. Binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa bwana, na wa pili kwa jina la mama wa bibi. Ewe bwana unayemkasirikia baba mkwe, jina la mzee huyo unaliita kila asubuhi unapomwamsha mwanao aende shule! Huyo si mdai wako. Huyo ni babu wa nyumba yako.

Ndiyo maana wazee husema "ruracio rutithiraga", yaani mahari haiishi. Wengine hudhani maana yake ni kwamba mkwe atakamuliwa mpaka kaburini. Nionavyo mimi, sivyo. Undugu ndio usioisha. Utaitwa kwao wakiwa na msiba, nao wataitwa kwako ukiwa na furaha. Deni likilipwa, watu huachana. Wazee hawakutaka watu waachane.

2. Funzo la Yakobo na Labani

Biblia inalijua jambo hili vizuri. Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 29 hadi ya 31, mkaisome pamoja baada ya chakula cha jioni. Yakobo alikimbilia kwa mjomba wake bila mali. Akafanya kazi miaka saba ili ampate Raheli. Usiku wa arusi akapewa Lea. Akakubali kufanya kazi miaka saba mingine kwa ajili ya Raheli. Baadaye akaongeza sita kwa ajili ya mifugo. Jumla ni miaka ishirini.

Wengi wetu tukisoma habari hii tunamhurumia Yakobo. Lakini wasikilizeni akina mama katika sura ya 31. Raheli na Lea walilalamika kwamba baba yao amewafanya kama wageni, amewauza, na tena amezila fedha zilizotolewa kwa ajili yao. Maneno hayo hayakusemwa na mkwe mwenye uchungu. Yalisemwa na mabinti wenyewe. Mzazi anayekaza kamba kwa mkwe, mwenye kukatwa na kamba hiyo ni binti yake.

Mwisho wake ulikuwaje? Yakobo alitoroka, Labani akamfuata kwa hasira. Walisemezana maneno makali. Kisha walikusanya mawe, wakafanya agano, wakala pamoja juu ya mlima. Asubuhi Labani aliwabusu wajukuu na binti zake, akawabariki, akarudi kwake. Amani ilipatikana walipokaa kwenye chakula kimoja na kusema wazi yaliyokuwa moyoni.

3. Makosa matatu yanayovunja nyumba

Kosa la kwanza ni la bwana asemaye, "Mimi nilikununua." Neno hili ni sumu. Likisemwa mara moja, bibi hulisikia miaka kumi. Mtume Paulo, katika barua kwa Waefeso sura ya 5, amewaagiza waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda Kanisa, akajitoa nafsi yake. Kristo hakulilipia Kanisa mbuzi ili alitawale kwa fimbo. Hata mwenye kulipa mahari yote na zaidi hana ruhusa ya kuinua mkono.

Kosa la pili ni kumfanya bibi kuwa tarishi. Wazazi wanampigia binti simu: "Mwambie bwana yako." Bwana naye anajibu: "Waambie wazazi wako." Mama huyu anapigwa pande zote mbili kama ngozi ya ngoma. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Mambo ya mahari yalisemwa na wasemaji, mbele ya mashahidi, mchana.

Kosa la tatu ni la wazazi, nalo ndilo zito kuliko yote. Ninyi mlio na mabinti wakubwa, sikieni. Wapo vijana ambao wameishi pamoja miaka mingi na wamezaa, nao wangependa kufunga ndoa kanisani. Lakini baba wa binti anasema, "Hamwendi altareni mpaka mahari iishe." Kijana huyo ni kibarua katika shamba la maua, au mpagazi anayewabebea wageni mizigo mlimani, na mshahara wake unaujua. Basi wanaendelea kuishi hivyo hivyo, na kila Jumapili wakati wa Komunyo wanabaki wameketi kwenye benchi. Mzazi, mbuzi wako anakula majani, lakini mwanao anakosa Mwili wa Bwana. Je, utajibu nini ukiulizwa?

4. Kanisa na serikali husemaje?

Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 1057, inafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya bwana na bibi wenyewe, na hakuna mamlaka ya mwanadamu iwezayo kuitoa badala yao. Hakuna sheria ya Kanisa isemayo mahari imalizike ndipo ndoa ifungwe. Hata hivyo Kanisa haliidharau desturi. Sinodi ya Afrika ya 1994 ilichagua kulieleza Kanisa kama familia ya Mungu, na familia ni neno ambalo Mwafrika analielewa kwa upana wake: ni pamoja na babu, shangazi, mjomba na wakwe.

Serikali nayo imesema. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 45, inawapa bwana na bibi haki sawa ndoa inapofungwa, inapoendelea na hata ikivunjika. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwamba, mahali ambapo mahari inahitajiwa ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara chatosha. Kwa jirani zetu Uganda, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ingawa kutoa mahari kwenyewe hakukukatazwa. Mwaona basi kwamba hata mahakama hazikuitupa desturi. Zilikataa tu isigeuzwe kuwa bei ya mtu.

5. Basi tufanyeje?

Kwanza, kaeni ninyi wawili, mzime redio, mlitazame jambo lenyewe. Ni kiasi gani kilikubaliwa? Ni kiasi gani kimepelekwa? Andikeni kwenye daftari. Ugomvi mwingi hutokana na kutojua hesabu.

Pili, pangeni kadiri ya mfuko wenu. Tuseme wamebaki mbuzi 20, na wazee wamekubali kila mbuzi ahesabiwe shilingi 5,000. Jumla ni shilingi 100,000. Mkizikopa kwa siku moja, karo ya watoto itakwama. Lakini mkipeleka thamani ya mbuzi wawili baada ya kila mavuno, na mvua ikinyesha misimu yote miwili, ni mbuzi wanne kwa mwaka. Katika miaka mitano mmemaliza. Mvua ikikosekana, kama ijavyo mara nyingi upande wetu, waambieni wazee mapema.

Tatu, nendeni wenyewe. Msitume fedha kwa simu tu kama mnalipa umeme. Nendeni na watoto, na mzee mmoja wa kuwasemea. Pelekeni sukari, unga na blanketi ya mama. Bwana aseme kwa heshima: "Baba, hatujamaliza, lakini hatujawasahau." Wazazi wengi wanaodai mbuzi kwa kelele, kiu yao ni kuwaona wajukuu.

Nne, kama mmeoana kutoka makabila mawili, tuseme Mkikuyu na Mmeru wa Timau, ulizaneni desturi kabla ya kulaumiana. Kwa Wameru asali ina heshima yake; asiyejua ataona ni udhia, kumbe ni salamu.

Tano, wazazi wenye mabinti, wafungulieni vijana njia ya altareni. Pokeeni mwati na harika, wabarikini, waende kanisani. Kilichobaki kitakuja na undugu. Hamtapoteza mahari, mtapata mkwe anayewapenda.

6. Maswali ya kujadiliana nyumbani au katika jumuiya

a) Bwana: je, bibi yako amewahi kusikia kutoka kinywani mwako neno lililomfanya ajione amenunuliwa? Muulize, kisha usijitetee; sikiliza.

b) Bibi: je, unapowazungumza wakwe wa upande wa bwana, na wazazi wako mwenyewe, unatumia mizani moja?

c) Ninyi wawili: mara ya mwisho kwenda kwa wazazi wa bibi bila kuitwa ilikuwa lini?

d) Jumuiya: katika kijiji chetu kuna vijana gani wanaozuiwa kufunga ndoa kwa sababu ya mahari, na ni mzee gani anayeweza kwenda kumsihi baba yao?

Baada ya kujadiliana, shikaneni mikono, mtaje majina ya wazazi wa pande zote mbili, walio hai na waliokufa, mkasali Baba Yetu. Mtakapofika mahali pa kuwasamehe wadeni wetu, tulieni kidogo, kisha mwendelee.