Bitana ya Mishipa ya Mapafu

Mhariri ameniomba niandike juu ya somo letu la Elimu ya Viumbe muhula huu, nami nimechagua mapafu. Sitasimulia habari ya kuvuta na kutoa pumzi, maana hiyo kila mtu anaijua, bali nitaeleza ile bitana ya chembe hai iliyotandikwa ndani ya mishipa ya damu.

Damu yote itokayo upande wa kulia wa moyo hupitia mapafuni, yapata lita 5 kila dakika mtu mzima akiwa amepumzika. Huko huingia katika vishipa vyembamba hata chembe nyekundu hupita moja moja, kama watu wavukao daraja la gogo. Ukuta baina ya damu na hewa, mahali pengi, haufiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Ungekuwa mnene, oksijeni isingepita upesi. Lakini maji ya damu yakivuja na kujaza vifuko vya hewa, mtu huzama akiwa nchi kavu.

Bitana ndiyo izuiayo jambo hilo. Chembe zake ni bapa, nazo zimeshikana kingo kwa kingo. Maji machache yapenyayo huchukuliwa na mishipa ya limfu na kurudishwa damuni.

Tena bitana si ukuta bubu. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani alieleza jaribio alilolifanya kwa vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Alivitia dawa iitwayo asetilikolini. Vipande vilivyoshikwa kwa uangalifu vililegea. Vile vilivyosuguliwa upande wa ndani, bitana ikatoka, havikulegea. Basi ikajulikana kwamba bitana hupeleka ujumbe kwa misuli ya mshipa. Baadaye ujumbe huo ulitambuliwa kuwa ni hewa, nitriki oksaidi, na Furchgott na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kwangu mimi, jaribio hilo la kusugua tu lapita mengi yaliyotumia mitambo ya fahari. Hewa hiyo husaidia pia damu isigande ovyo.

Sasa, nimonia kali au malaria kali yaweza kuidhuru bitana. Kingo huachana, maji yenye protini humiminika ndani ya vifuko. Mwaka 1967 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa 12 wa namna hiyo; hata walipopewa oksijeni, damu yao iliendelea kuikosa. Moshi wa sigara nao huiudhi bitana. Wale wajifichao nyuma ya mabweni na waisome aya hii mara mbili.

Mgonjwa akipona, chembe zilizosalia hugawanyika na kuziba mapengo, na maji yaliyomo vifukoni husukumwa nje kidogo kidogo. Kwa hiyo daktari atumiapo mashine ya kupumulia humpa mgonjwa huyu pumzi ndogo ndogo, ili mapafu yasivutwe kupita kiasi na kiraka kile kipya kisipasuke.